Sahani Moja na Baba

Miezi michache iliyopita nilivuka daraja la Busisi kutoka kwangu Geita kwenda Mwanza kumchukua mdogo wangu hospitalini. Gari lilipita juu ya maji kwa dakika chache tu, nami nikabaki nimeduwaa, maana utotoni maji hayo tuliyavuka kwa kivuko, tukipanga foleni hadi jua linatuchoma utosi. Upande huu wa Busisi ndiko alikokaa bibi, mama yake baba. Njia nzima nilikuwa nikimuwaza yeye na chakula chake.

Kwa bibi, ndugu yangu, tulikula ugali wa mtama, mlenda, dagaa wa kuchemsha, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani. Tulichuma mboga wenyewe, tukatwanga karanga, mikono ikinukia karanga hadi jioni. Likizo ikiisha tulirudi kwetu Igoma, mjini Mwanza, tukiwa wepesi, miguu myeupe kwa vumbi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mkarimu, kicheko chake kilifika kwa jirani. Alikulia kwenye njaa, akaapa kwamba wanawe hawatakula alichokula yeye. Jioni alirudi na chipsi, nyama ya kukaanga na soda. "Majani ni ya ng'ombe," alisema, akisukuma bakuli la mchicha pembeni, nasi tukalisukuma vilevile. Mama alikunywa chai nzito kwa sukari, na kabla ya kuonja chochote alikuwa ameshakinyunyizia chumvi. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliwatazama tu, tukajifunza. Mdogo wangu alikaa ubavuni mwa baba, wakila sahani moja, na kila kipande chenye mafuta kilikuwa chake. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Bibi alipokuja kututembelea na furushi la michembe, baba alicheka. "Mama, hicho ni chakula cha njaa. Wajukuu zako sasa wanakula."

Bibi hakubishana. Alimtazama mdogo wangu akimalizia soda, akasema taratibu, "Mtoto hali unachomwambia. Anakula unachokula." Furushi likaishia kwa jirani.

Ugonjwa wa sukari ulijitokeza kwa baba kupitia kidonda cha mguu kisichopona. Mguu ukakatwa, na kabla masika hayajaisha tulimzika. Mama akapooza kwa presha, naye akamfuata. Msibani watu walinong'ona kwamba tumerogwa. Laiti ingekuwa hivyo, labda tungekuwa na pa kukimbilia. Mimi niliolewa Geita, kwa mama mkwe aliyepika karibu kila kitu kwa kuchemsha, na nadhani ndiko nilikoponea.

Mdogo wangu hakuponea popote; sukari ikampata naye, ingawa ndiye aliyemuuguza baba kwa mikono yake mwenyewe na aliona yote. "Ninajitahidi, dada," aliniambia kila nilipompigia simu. "Lakini nikiweka mboga mdomoni, koo linakataa. Nikila chipsi ndipo najisikia nipo nyumbani."

Siku ile hospitalini nilimkuta amekaa kitandani, uso ameuelekeza dirishani. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba macho yake hayataona tena, na figo nazo zimechoka.

"Ni wewe, dada? Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Sasa anakaa kwangu, mke wake amebaki Igoma na watoto wanaosoma. Nampikia samaki wa kuchemsha, namtajia kilicho kwenye sahani, anakula matonge mawili matatu kunifurahisha. Bibi alishafariki. Shamba lake limejengwa nyumba za kupangisha, na nilipouliza pale kama kuna anayekausha viazi, mama mmoja alinijibu kwamba watoto wa siku hizi hawavitaki. Alinijibu huku akigeuza chipsi kwenye karai.

Jumapili iliyopita mke wa mdogo wangu alimletea watoto wake kutoka Igoma. Mdogo wangu alikuwa amekaa barazani, akisikiliza nyayo zao zikipanda kilima kidogo cha kwangu. Akainua kichwa.

"Dada, nani huyo anayehema hivyo?"

Nilitamani kumdanganya. "Ni mwanao mkubwa," nikasema.

Mtoto mwenyewe hajamaliza shule ya msingi. Alifika, akashika nguzo ya baraza, jasho likimtiririka, akashindwa hata kumwamkia baba yake hadi alipopata pumzi. Mdogo wangu alinyoosha mkono hewani kumtafuta, akampapasa shavu nene, shingo, tumbo. Kisha mkono ukasimama hapo.