Watani ndani ya tangi la kioo

Jumamosi moja nilikuwa Mabwerebwere, kwenye duka linalouza makava ya simu na samaki wa mapambo. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mstaafu. Samaki wake wa bluu, wa Ziwa Nyasa, alikuwa ameshaua wenzake watatu kwenye tangi la sebuleni, na mzee alikuwa amekuja kumtafutia wa nne.

"Shikamoo mzee. Huyo wako mkorofi," muuzaji, binti mpole, alimwambia. "Mwekee wengi wanaolingana naye, na mawe ya kujifichia."

"Marahaba. Mawe ya nini, mwanangu?" Mzee alitikisa kidole. "Nipe huyo mdogo wa njano, wa Ziwa Tanganyika. Wangoni na Wahehe walichinjana, leo si watani? Basi na hawa watazoeana."

Nani abishane na mtaalamu? Binti alimtia samaki kwenye mfuko wa maji, akaufunga mafundo mawili.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta mzee palepale, mfuko mtupu mkononi.

"Vipi, walitaniana?" binti aliuliza huku akipangusa kaunta isiyo na vumbi.

"Siku moja tu," mzee alijibu, akavua miwani.

Nakiri, wasomaji, mzee wetu mila anazijua. Tangu lini mtani akafika msibani akakaa kimya? Huchukua anachokitaka mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumuuliza. Yule wa bluu naye alichukua. Alimchukua marehemu mwenyewe.