Maswali ya Kikorea kwa Wageni wa Itebero

Katika filimu za Korea, dada mkubwa aliyeacha shule ili alee wadogo zake huvaa aproni, huuza supu, na hufa karibu na sehemu ya kumi. Asipokufa, anaolewa na muuza nyama. Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na mdogo wangu wa kike mgongoni. Mpaka leo sijafa, na hapa Ngungu hakuna muuza nyama aliyewahi kubisha hodi kwangu. Kwa hiyo nasema watunzi wa Korea wana mengi ya kujifunza kuhusu sisi wakubwa.

Nimezitazama nyingi. Mdogo wangu alipoanza kusomea uuguzi Kirotshe, alikuwa anarudi likizoni na flashi iliyojaa filimu. Jumapili baada ya misa tuliunganisha televisheni yetu ndogo kwenye betri ya paneli ya jua, tukatazama mpaka betri ilie. Watu wa filimu walisemeshwa Kifaransa. Kifaransa changu kinatosha kusalimia na kuomba ruhusa ya kutoka darasani, basi yeye alinitafsiria huku akichambua maharagwe, na mimi nilitoa maoni. Alisema natazama filimu kama mkaguzi wa shule.

Ya kwanza kunikamata ilikuwa ya kiwanda cha viatu: mtoto wa tajiri na msichana anayeshona ngozi. Msichana ni maskini, wanasema. Anaishi katika chumba kilichojengwa juu ya paa, ana friji, na dirishani anaona mji mzima. Niliomba filimu isimamishwe, nikauliza umaskini uko wapi. Halafu zilipita sehemu nane kabla hawajashikana mikono. Niliona huo ni uvivu mtupu. Walipofika sehemu ya tisa na mikono ikashikana, nililia, nikasingizia moshi. Jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Ya jumba la mfalme sikuipenda. Kila mtu anajua bakuli lina sumu, hata mpishi anajua, na bado linanywewa polepole kwa heshima. Mawaziri ishirini wanapiga magoti uani kutwa nzima wakiomba huruma, na hakuna hata mmoja wao anayepalilia chochote. Nilihesabu sehemu sita bila kuona jembe.

Jambo jingine ni chakula. Meza inajazwa sahani kumi na tano, mtu anapigiwa simu, anapata habari mbaya, anasimama, anaondoka. Chakula kinabaki pale. Sisi tumepata habari mbaya nyingi, na nyingine zilitukuta tunakula. Tulimaliza bugali kwanza, kisha tukalia. Wakati mwingine tulimaliza bugali, tukafunga mizigo, tukakimbia, tukalilia mbele ya safari. Ila sikuwahi kuona mtu akiiacha sufuria.

Iliyoniharibu kabisa ni ya watoto wawili waliobadilishwa siku ya kuzaliwa. Mmoja anakulia kwa tajiri, mwingine kwa muuza samaki, na ukweli unatoka siku ya harusi, wageni wote wamekaa. Niliitazama mara tatu. Kwa mtu aliyeishia darasa la sita, ile ilikuwa sayansi. Nikaweka akilini kwamba hakuna ndoa ya kuaminika mpaka kuzaliwa kwa bwana harusi kuchunguzwe.

Ndipo alipojitokeza muuguzi wa Itebero. Yeye na mdogo wangu walisoma pamoja Kirotshe, na sasa kijana alikuwa amerudi kwao Walikale kufanya kazi katika kituo cha afya kijijini. Kutoka kwetu kufika huko unapanda pikipiki mpaka njia inaikatalia, kisha unaingia msituni kwa miguu. Mdogo wangu aliponiambia kwamba kijana anataka kuja kumposa, nilijibu kuwa sina neno, ila nitamwangalia vizuri. Nilisema uongo. Neno nilikuwa nalo, lakini halikuwa la kijana.

Katika ukoo wetu, wageni wa posa huleta kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na kikombe cha kwanza hupewa mama wa msichana. Akinywa, mazungumzo yanaendelea. Akikiweka chini, wageni wanapewa chakula na mahali pa kulala, na asubuhi wanarudi kwao. Kwa kuwa mama hayupo, kikombe kilikuwa changu. Asubuhi ya siku ile mdogo wangu, anayeniita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, alinifuata jikoni, akaniambia neno moja tu:

"Yaya, usipokunywa, mimi siendi. Sitabishana na wewe."

Afadhali angebishana.

Walifika watatu wakiwa na matope mpaka magotini: kijana, mama yake, na mjomba wake aliyekuwa msemaji. Walikuwa safarini siku mbili. Walileta kasiksi na bidoni, yaani dumu, la mawese. Kwa upande wetu alizungumza baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, mtu mpole asiyependa mambo marefu. Salamu zilipokwisha nilipewa kikombe. Nikakishika kwa mikono miwili, lakini sikukipeleka mdomoni. Nikasema nina maswali.

Kwanza nilimuuliza kijana kama ana ugonjwa anaouficha ili aje kufa kimya kimya bila kumsumbua mke wake. Alifikiri kidogo, akasema ana amiba, hasa majira ya mvua, kama watu wote. Nikauliza kama aliwahi kugongwa na gari akasahau watu wake. Mjomba alijibu kwa niaba yake kwamba Itebero hawajaona gari siku nyingi, kijana hata angetaka asingepata la kumgonga. Baba mdogo alicheka. Hapo ningenyamaza, siku ingepita salama.

Nikamgeukia mama yake, nikauliza kama ana hakika kwamba mtoto aliyetoka naye mahali pa kuzalia ndiye aliyemzaa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kwetu, kumuuliza mwanamke mbele ya watu kama mtoto ni wake ni tusi ambalo watu wamelipigania kwa mapanga. Mjomba alichukua kofia yake, akaivaa. Baba mdogo alianza kuomba radhi. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, na niliona mabega yake yakishuka. Mtu wa filimu angetoka nje asimame kwenye mvua. Mimi nilibaki kwenye kiti, kikombe mkononi, nikijiona mjinga kutoka kisigino hadi utosini.

Mama wa Itebero alimwambia mjomba avue kofia. Kisha akanitazama bila hasira.

"Mama, huyu mutoto nilimuzala mu shamba ya mihogo, niko peke yangu," alisema. "Hakukuwa mutoto mwengine wa kubadilisha naye. Kulikuwa mbuzi moja, na ule mbuzi nilimujua muzuri."

Baba mdogo alishindwa kujizuia, akacheka. Hata mjomba alitazama ukutani akiuma mdomo. Lakini yule mama hakuwa amemaliza.

"Sasa na wewe utuambie. Unaogopa huyu kijana iko mubaya, ao unaogopa nyumba itabaki kimya?"

Maswali yangu yote yalikuwa ya Korea. Hili lilikuwa la hapahapa. Nilimtazama mdogo wangu. Hakunisaidia, alikuwa anangoja kama wengine.

"Ni nyumba," nikasema. "Kijana hana shida."

Mama yule aliitika kwa kichwa, akasema na yeye aliogopa hivyo binti yake wa kwanza alipoolewa, ila yeye hakumtukana mtu. Nikamwomba radhi, kwa sauti, ili kila mmoja asikie. Kisha nikanywa. Mila inadai kuonja tu, lakini nilikuwa na aibu nyingi, nikakimaliza chote bila kupumua. Baba mdogo alipokea kikombe kitupu, akachungulia ndani, akawaambia wageni kwamba anadhani wamesikia jibu. Mdogo wangu alipita mbele yangu kwenda kuwapakulia chakula, akanibana bega kwa nguvu hadi likauma. Wakaanza kupanga siku ya harusi, baada ya mavuno ya maharagwe.