Mama Okoa na Orodha ya Shukrani

Saa mbili asubuhi, fundi kompyuta anapangusa kibodi kwa brashi ya rangi, kisha anafungua daftari kuukuu lililoshikwa na gundi ya karatasi. Ofisi yake ina meza moja, viti viwili na printa isiyotoa karatasi mpaka ipigwe kibao.

Kwa miaka kumi na minne ametunza programu huria ya kusajili wagonjwa wa zahanati. Kila mtu huitumia bure, na anayeweza huirekebisha. Mwezi ujao anawakabidhi wengine, kwa kuwa macho yamechoka.

Kuna jambo linalomnyima raha. Orodha ya shukrani ndani ya programu hujijaza yenyewe, na humtaja tu aliyetuma marekebisho kwa kompyuta. Daftari lina watu arobaini na mmoja waliopiga simu au kubisha hodi kueleza kosa waliloliona. Marekebisho yao yote yana jina la fundi.

"Nimevaa kilemba cha ukoka miaka yote hii," anasema. "Nikiondoka bila kuwaandika, basi tena, wamepotea."

Arobaini amewapata. Aliyebaki alikuwa wa ukurasa wa kwanza, ameandikwa "Mama Okoa" tu, bila namba.

Enzi hizo, kwenye kitufe cha kuhifadhi taarifa, fundi alikuwa ameandika "Okoa". Muuguzi mmoja akampigia: "Fundi, mgonjwa nimembonyezea Okoa mara tatu, mbona bado anakohoa?"

Walicheka mpaka simu ikakatika. Kitufe kikawa "Hifadhi".

"Ilikuwa raha jamani," anakumbuka, akilifunga daftari taratibu. "Simu ikiita, najua kuna mtu kaisoma kazi yangu. Siku hizi wanabonyeza tu wanapita."

Wiki iliyopita aliweka tangazo kwenye programu: anatafutwa muuguzi aliyebonyeza Okoa mara tatu. Siku ya tatu simu ikaita, na sauti akaijua hapo hapo.

Leo mama huyo, mstaafu sasa, aliyepashwa habari na wauguzi wenzake, amekaa kwenye kiti cha pili, mkoba mapajani.

"Kumbe mlinihifadhi!" anatania.

"Nilikuhifadhi vibaya, mama. Naomba jina lako kamili."

"Acha hilo hilo, ndilo la kazi. Ila mwandike na mwenzangu." Sauti inashuka. "Mimi nilipiga simu tu. Aliyeliona kosa ni dada yetu mfagiaji. Aliinama na ufagio wake, akaniuliza, 'Hiki kidude kinamwokoa nani?' Ametangulia mbele ya haki."

Fundi anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Halafu anaandika mistari miwili kwenye orodha ya programu: Dada Mfagiaji, aliyeliona kosa. Mama Okoa, aliyetuambia.

"Watakaonipokea wakitaka kubadili kila kitu, ruksa," anasema. "Orodha hii tu ndiyo nitakayowaomba waiongeze, wasiipunguze."

Anamsogezea mgeni wake kibodi na kipanya. Mama anakitafuta kitufe kwenye kioo cha kompyuta, anakisoma kwa sauti, "Hifadhi," na kukibonyeza.

Mara moja tu.