Kitenge Nilichokikata kwa Makusudi

Chumba cha ushonaji cha shangazi yangu Mwajuma, pale Kamembe, kilinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kilichotoka kupigwa pasi ya mkaa. Nilipelekwa huko likizo ndefu ya kiangazi nikiwa na miaka kumi, na si kwa ajili ya kujifunza kushona. Nilikuwa nimemsukuma mdogo wangu Asha tukigombania kigoda, akaangukia mbabula, jiko letu la mkaa, akaungua mkono. Mama alisema hawezi tena kutuacha wawili peke yetu. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema nimezaliwa na hasira za babu yake na hilo halina dawa. Nyumbani wote walikubaliana naye, na mimi pia. Nilidhani hasira ni kama rangi ya macho: unapewa, unaishi nayo.

Shangazi hakuniuliza habari za Asha. Alinipa sumaku ya kuokotea pini sakafuni na kunionyesha stuli iliyokuwa karibu na meza ya kukatia, nikawa nashinda hapo nikimtazama. Wiki ya kwanza mzee mmoja alirudisha suruali iliyombana, akafoka hadi wapita njia wakasimama mlangoni. Nilisubiri shangazi naye afoke. Aliweka mkasi mezani, akavuta pumzi, akamwacha mzee amalize, kisha akaipima ile suruali mbele yake. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kipimo alikiandika sawa lakini akakata vibaya, kosa ni lake, na kesho ataipata ikiwa imerekebishwa. Mzee aliondoka ametulia. Nilimuuliza shangazi kwa nini hakukasirika. Alisema alikasirika sana, na kwamba akiwa msichana aliwahi kumrushia dada yake sahani. Babu mwenye zile hasira alikuwa babu yake pia. Jambo hilo sikuwahi kulifikiria.

Wiki ya tatu alikuja mama mmoja wa Giheke kuona gauni la arusi la binti yake limefikia wapi. Kitenge chake, cha kijani na maua ya njano, kilikuwa kimetandazwa mezani na kuchorwa chaki. Aliponiona aliinama sikioni mwa shangazi, lakini nilimsikia vizuri akiuliza kama si mimi yule mtoto aliyemchoma mdogo wake. Shangazi alimjibu kwamba mimi ni Halima, mtoto wa kaka yake. Walipotoka nje kuagana, nilichukua mkasi na kukikata kitenge kile katikati, mara moja, mpaka ukingoni. Sikuteleza. Nilitaka kukikata.

Shangazi aliporudi alikitazama kitambaa kwa muda mrefu. Alivuta pumzi, akakunja mikono kifuani. Nilikuwa tayari kwa kipigo, na tayari zaidi kurudishwa nyumbani, ambako wote wangejua kwamba Baba alisema kweli. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akanigeukia.

“Umeharibisha kitambaa cha bantu bengine,” alisema. “Ile ni mubaya sana, na utaenda kumwambia mwenyewe. Lakini wewe hauko mubaya, Halima. Kesho utakuya tena hapa, na kesho kutwa.”

Nilimwambia siwezi kumwambia yule mama. Alinijibu kwamba siku ya suruali niliona inavyofanywa, na kwamba yeye atakuwa amesimama kando yangu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Giheke, na kipande cha mwisho tulitembea kwa miguu kati ya mashamba ya mihogo. Njiani nilirudia maneno yangu kimoyomoyo. Yule mama tulimkuta uani, nami nikavuta pumzi kama nilivyomwona shangazi akivuta.

“Maman, kitenge chako nilikikata mimi,” nilisema. “Nilikikata kwa makusudi, kwa sababu ya ile uliyosema. Nisamehe.”

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alimwuliza shangazi anawezaje kukaa na mtoto wa namna hiyo. Shangazi alisema anakaa naye na ataendelea kukaa naye, kisha akamweleza jinsi anavyoweza kuunga kitambaa kwa ukanda wa njano kiunoni. Mwishowe mama yule alisema tujaribu. Pindo la gauni lile nililishona mimi kwa mkono, siku mbili, nikifumua kila mshono uliopinda. Bibi arusi alilivaa. Likizo ilipokwisha nilirudi nyumbani, na miezi ikapita kabla Mama hajathubutu kuniacha tena na Asha.

Leo ninawafundisha saikolojia vijana wanaosomea ualimu. Tukifika kwenye mada ya nafsi ya mtu, ninawaeleza kwamba wapo wataalamu wanaosema mtu hukua anapokubaliwa bila masharti, na wapo wanaosema hujifunza kwa kuwatazama wengine na kwa kuamini kwamba naye ataweza. Wanafunzi hutaka niwaambie upande upi uko sahihi. Ninawajibu kwamba shangazi yangu hakusoma kitabu hata kimoja cha wataalamu hao, na kwamba kwake nilipata yote mawili kwa wakati mmoja, nisijue moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Lakini sijawa mtu mpole. Mwezi uliopita nilimfokea mwanafunzi mmoja kwa kuchelewa, nikamwita mzembe mbele ya wenzake, akainamisha kichwa. Baadaye nilijua kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa anamwuguza mama yake. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikasema nilimkosea na kwamba jina nililompa si lake. Darasa zima lilikuwa likinitazama.

Safari hii anayetazamwa ni mimi, kama nilivyomtazama shangazi.