Nguzo za Mwalimu Atuganile

Kaka yangu Muntasir aliuza nondo Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo karibu yote hakuwahi kupima hata moja. Marehemu baba alimfundisha kutazama rangi iliyopakwa kwenye ncha. Mteja akitaka za milimita kumi na mbili, kaka alinyoosha kidole kwenye ncha za bluu, wapakiaji wakabeba. Hakuwa mtu wa kupunja. Aliiamini rangi kama alivyomwamini baba.

Mwaka juzi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa upande wetu walianzisha umoja. Kuta zilikuwa zinapasuka, watu wakirudi madukani kulalamika, na kila muuzaji akimtupia lawama fundi. Wakamwita mhandisi, akawaonyesha kipimo chenye taya mbili kinachobana chuma na kuonyesha unene wake. Wakakubaliana kila duka lipime mzigo kabla ya kuuza, na uliopungua urudishwe ulikotoka. Mkutanoni wote waliitikia. Aliyenunua kipimo wiki ile, nadhani, alikuwa kaka peke yake.

Gaspar, mwenye duka la jirani, alimtania mbele ya wateja.

"Mwarabu, ukimaliza nondo uje unipimie na misumari."

"Nitaanza na kichwa chako," kaka akamjibu. "Kwa macho ni kikubwa, lakini nani anajua?"

Wateja wakacheka, naye akacheka, akaendelea kupima mpaka akafika kwenye rundo la ncha za bluu. Akapima moja, akarudia. Akapima nyingine, na nyingine. Kisha akaniita.

"Suhaib, hebu soma wewe. Labda macho yangu."

Nikasoma. Kumi nukta tano, si kumi na mbili. Macho yake hayakuwa na tatizo.

Gaspar alimshauri kwa sauti ya chini azipeleke shamba, huko watu wanajenga vibanda tu. Kaka alizifunga mnyororo nyuma ya duka, akafungua daftari kuwatafuta waliokwisha kununua za mzigo ule. Walikuwa watano. Wanne hawakuwa wamemwaga zege, akawabadilishia. Wa tano alikuwa Mwalimu Atuganile, mjane wa Kinyakyusa aliyestaafu akajenga Kimbiji, akiishi na wajukuu zake wawili. Huyo alikwisha kumwaga zege la juu, akisubiri kuongeza ghorofa. Chini ya zege hilo ndipo watoto walipolala.

Tulikwenda pamoja. Mwalimu alitukaribisha chai, lakini kaka hakukaa.

"Mwalimu, nondo nilizokuuzia ni nyembamba. Sikujua, ila nilipaswa kujua. Usijenge juu ya zege hili, na watoto wasilale chini yake."

Mama yule alitazama dari, kisha akamtazama kaka usoni.

"Nilipouliza nondo ninunue wapi, waliniambia nenda kwa yule anayeswali," alisema. "Haya, nendeni."

Mhandisi alituambia nguzo mbili na bimu katikati vingetosha kuliokoa zege. Kaka alipakia nondo nzima, za kumi na mbili za kweli, akarudi Kimbiji na fundi. Geti halikufunguliwa. Alirudi mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne, kwa barabara ile mbovu, na mara zote gari lilirudi na mzigo wake. Masika yalipoanza, kila mvua ilipopiga bati la duka, kaka aliwaacha wateja akaitazama, akiliwaza zege la Kimbiji. Shemeji Bahiya, mke wake, alimsihi ameze dawa za presha kwa wakati. Alikuwa akisahau. Alhamisi moja, baada ya kuswali Adhuhuri, aliegemea meza ya duka na hakuinuka tena. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwetu, kabla ya kumswalia maiti, ndugu husimama kando ya jeneza na kuomba aliyekosewa na marehemu amsamehe, na anayemdai aje kwa wafiwa. Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto, na mara nyingi hupita kama salamu. Siku ile hayakupita hivyo. Niliyasema, kisha nikaongeza kwamba yuko mtu Kimbiji ambaye kaka hakuwahi kumtimizia haki yake, na kwamba haki hiyo sasa iko juu yangu. Imamu alinitazama, akaniacha nimalize.

Siku ya tatu Mwalimu Atuganile alikuja msibani. Fundi ndiye aliyempa habari. Alikaa mkekani pembeni ya shemeji, akamshika mkono. Nilipoitwa nikaingia na kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimemsamehe. Nilimsamehe alipokuja mara ya tatu, ila moyo ulikuwa mzito kufungua geti." Akanigeukia. "Lakini msamaha haushikilii zege. Nguzo nazitaka."

Shemeji alijifunika uso kwa mtandio.

Wiki iliyofuata nilipeleka mzigo. Safari hii geti lilikuwa wazi. Kabla hatujashusha, Mwalimu aliomba kile kipimo. Akavaa miwani, akapima nondo moja moja juani, mimi nikimshikilia ncha. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Moja aliitazama mara mbili, akaiweka kando, nami nikairudisha garini bila kubisha.

Nguzo zimesimama, na mbao za fundi zimekwisha kuondolewa. Watoto wamerudi chumbani mwao. Namwomba Mola aipokee kazi ile kwa jina la kaka. Lakini kila nikipita getini pale nahesabu: moja, mbili, tatu. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kusamehewa, naye amesimama nje juani, hajui.