Ludi Nyumbani

Nilipoimba mara ya kwanza katika filamu ya kuhimiza kilimo cha kahawa, pale Mbinga, nilikuwa binti wa kwaya. Wimbo ulikuwa wa mke anayemwita mumewe aliyekwenda kukata mkonge Tanga: "Rudi nyumbani, kahawa imeiva." Mimi niliimba "ludi," kama sisi Wamatengo tunavyotamka. Gari la sinema, lililozunguka vijijini kuonyesha filamu, lilipoufikisha wimbo ziwani, Lipingo, hata Wanyasa wakaimba "ludi."

Miaka ikapita, sauti ya filamu ile ikaharibika, wakaniita niimbe upya. Fundi wa mitambo, mtu wa Dar es Salaam, alinikatiza kila nilipoanza.

"Mama, ni rudi. Ru."

Nikarudia mpaka ulimi ukachoka. Kiti walichonipa sikukikalia; kila lori lililopita nililichungulia dirishani. Mwishowe nikaitoa hiyo "ru," safi kama ya mwalimu wa shule. Akaridhika, akafunga mitambo yake.

Nilitoka na hasira, nisijue nielekee wapi. Wakati huo mume wangu naye alikuwa mkongeni Tanga, haleti hata salamu. Gari la sinema lilifika na huko. Angeisikia hiyo "rudi," angejuaje kwamba anayemwita ni mimi?