Upana wa Ingobyi

Nimefunga kamba za madaraja ya kuning'inia tangu ujana, Bukavu hadi milima ya huku Rwanda, na sijachukia daraja kama lile nililosaidia kuchora ofisini Kacyiru, Kigali.

Bonde tulilotakiwa kulijengea lilikuwa na daraja la zamani, magogo mawili yaliyoachana hatua moja. Bado nakumbuka yalivyonesa chini ya nyayo. Mgonjwa wa huko hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka, na watu wanne: wawili mbele, wawili nyuma. Wa kushoto walipita gogo moja, wa kulia jingine, mgonjwa akaelea katikati.

Injinia wa mradi hakuwahi kushuka bondeni. Aliligeuzageuza daraja lake jipya kwenye kompyuta kama mtu anayejaribu pete.

"Iko nyepesi, mzee, ona! Upana sentimita sabini tu. Kamba inapungua, nguzo inapungua."

"Na ingobyi itapita wapi?"

"Ingobyi? Siku hizi? Si kuna ambulansi!"

"Ambulansi inaishia barabarani, bosi. Ng'ambo ya mto."

"Mzee wetu anataka tujenge makumbusho," mwenzake akasema, na chumba kizima kikacheka.

Nami nikacheka. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo. Mimi mtu wa sekondari tu kati ya wenye digrii, nikacheka, nikanywa chai yao, nikaandika sabini kwenye daftari langu. Tulipojenga, yale magogo tuliyapasua kuni, tukapikia maharagwe ya mafundi. Nilikula.

Masika nilirudi kukaza kamba. Wakatokea wanaume wanne na ingobyi, ndani yake mwanamke akiugulia uchungu wa uzazi. Walijaribu kuingia darajani mara mbili. Mabega yakagonga waya za pembeni, ingobyi ikalala upande, mwanamke akapiga kelele. Wakageuka, wakashuka mtoni. Maji yaliwafika kiunoni.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama karibu yangu na kikapu cha nguo za mtoto.

"Fundi, kweli mmetujengea ikiraro," akasema. Kwa Kinyarwanda ikiraro ni daraja, na zizi pia ni ikiraro. "Ila cha mbuzi."

Akatema mate karibu na kiatu changu, akapita juu peke yake, nguo za mtoto zikiwa kavu. Chini yake, ingobyi ilikuwa inatoka majini, inachuruzika.